Mbegu Zilizopikwa Msibani

Baba Tumaini, kamwene, nakusalimu.

Usiniambie nimechelewa kuandika. Wewe ndiye uliyeondoka bila kuaga, chai iko mezani, kama mtu anayekwenda kuchungulia ng'ombe. Nimekukasirikia mwaka mzima na bado.

Hapa tupo. Choo ulichokiacha hakina mlango, binti yako Tumaini amekitilia. Redio yako nimeizima. Kitandani nalala upande wako kwa sababu wangu una bonde. Usifikiri ni mapenzi.

Sasa nisikilize. Jumamosi ukoo unakuja kunivua kitambaa cheusi cha ujane. Unajua wa kunivua ni dada yako Yusta. Na Yusta ametuma neno: hakanyagi hapa. Tumaini anasema, "Mama, tutafute shangazi mwingine, yaishe." Yaishe! Kwani mimi ni kuku, ninyonyolewe na yeyote?

Hakanyagi kwa sababu yangu. Yale maharage yako ya mbegu, mekundu, uliyokuwa unachagua punje moja moja na miwani yako ya kufunga na uzi, yalipikwa msibani kwako. Debe zima. Yusta ndiye aliyesimamia jiko. Mvua zilipoanza nikaenda stoo, nikafunua debe, ndani majivu matupu ya kuhifadhia. Nikapiga kelele mpaka kwa jirani. Nikamfuata dada yako kwake, nikamwita mwizi wa mbegu za marehemu, mbele ya wake za wanawe. Akanitazama tu. Mwanamke yule tangu azaliwe hajawahi kunyamaza, siku ile akanyamaza.

Baba Tumaini, ufunguo nilimpa mimi.

Siku ya tatu ya msiba, watu wamejaa hadi barabarani, alikuja akaniinamia pale mkekani. "Wifi, mboga imeisha, nifanyeje?" Nikavua ufunguo shingoni. "Pikeni yote. Atakayelima ni nani sasa?" Nilisema hivyo, mimi. Nilitaka kisibaki kitu cha mkono wako humu ndani.

Nilikumbuka palepale kwake, matusi yakiwa bado mdomoni. Nikaendelea kutukana. Ningeshukia wapi, na watu wote wale wananitazama? Yeye angeweza kusema. Alinifichia aibu yangu, mimi nikamvika yeye.

Kuomba radhi sijui, unanijua. Kwako nilikuwa nikikosa nachinja kuku, unakula, unaelewa. Yusta hahongwi paja la kuku.

Leo nashuka Ipogolo, kwake. Nitasimama uani, wake za wanawe wakiwepo, niseme: aliyetoa mbegu ni mimi, wifi yangu si mwizi. Akinifungia mlango nitasema nikiwa nje, majirani wasikie. Sauti ninayo. Na asipokuja Jumamosi, basi ukoo ule urudi kwao. Kitambaa hiki nitakivaa mpaka nizikwe nacho. Hakivuliwi na mwingine.

Tangu alfajiri najitazama kiooni, kama mwali anayekwenda kwa wakwe. Mimi, na mvi hizi!

Lakini wewe nakuahidi hili: avue asivue, shamba la bondeni nitalipanda msimu huu. Maharage ya sokoni, yoyote nitakayokuta. Najua ungenuna. Nuna. Yataota, nami nitayala.

Haya, lala salama, mume wangu. Maji yamechemka, acha nikaoge. Siwezi kwenda kumwangukia mtu nikinuka moshi.

Mama Tumaini