Udongo Katika Kitambaa Cheupe

Kasongo, tarehe 6 ya mwezi wa tisa, 1955

Mujomba wangu Abedi,

Asalam aleikum. Muko namna gani huko Kabambare, weye na Mama Safi? Kile kifua chako kimetulia? Mimi niko muzima, ninakula, ila usingizi ni wa kuvuta-vuta. Wasalimie majirani wote wa upande wa musikiti, na yule mbuzi wa Mama Safi kama bado anakula nguo za watu.

Mujomba, nina habari na nina ombi. Usikasirike mbele ya kusoma mpaka mwisho.

Unajua ninafanya ukarani kwa serivisi ya usafi. Muzungu wetu tunamuita Bwana Pua, sababu kila asubuhi anapita nyuma ya nyumba za watu akinusa. Sasa ameleta mpango mupya. Zile ndoo za vyoo vya muji, zilizokuwa zinamwagwa bondeni, zinapelekwa kwa mashimo makubwa kwenye njia ya kwenda Lualaba. Wanaweka mavi, samahani Mujomba, halafu majani makavu, halafu majivu, wanafunika. Miezi inapita. Wakifunua, hapo ndipo sijui nikuambie nini. Mavi hakuna tena. Iko udongo mweusi, laini, unanuka kama musitu mvua ikiisha kunyesha. Asubuhi, ukungu ukipanda kutoka mtoni, mashimo nayo yanatoa moshi mweupe polepole, na siwezi kujua ukungu ni upi na moshi ni upi. Ninasimama pale nasahau kwenda bilo kwa karatasi zangu. Wanasema udongo ule utalisha mboga za hospitali na za soko zima.

Kinachokosekana ni kapita. Mutu wa kuongoza wafanyakazi, wa kujua lini kufunika na lini kufunua. Mushahara iko, baiskeli iko, nyumba ya matofali iko. Anayetaka hakuna. Hippolyte, yule aliyemaliza shule ya misheni, alikuja na tai shingoni. Nilipomuambia ni mbolea ya namna gani, alivaa kofia yake akasema alikuja kutusalimia tu. Bwana Pua amechoka. Anasema kapita asipopatikana mbele ya mwaka kuisha, atamuweka karani, na karani ndiyo mimi.

Mzee Yakubu, baba yake Aziza niliyemuposa, amesikia. Aliniambia dukani kwake, huku anapima kitambaa, hata hakuniangalia: "Kapita wa mashimo yale hataoa kwangu." Mujomba, mimi bila Aziza sijui nitakaa namna gani katika muji huu.

Weye umelima maisha yako yote. Ni weye na Mama Safi mulinilea, baba alipofia Kindu na mama akamfuata. Njoo ushike kazi hii. Huku hawakujui.

Mupwa wako,
Faradji

*

Kabambare, tarehe 25 ya mwezi wa tisa, 1955

Mupwa wangu Faradji,

Aleikum salam. Kifua changu kilikuwa kimetulia mpaka barua yako ilipofika. Mama Safi muzima, anakusalimia. Mbuzi pia. Wiki hii amekula kanzu yangu ya Ijumaa, na mwenye mbuzi anasema ni kosa la kanzu.

Sasa sikia. "Huku hawakujui." Umeandika hivyo kwa mukono wako? Kwa hiyo aibu ikinipata mimi si aibu, sababu hakuna anayenijua? Weye unaogopa mashimo, unamtafuta ndugu ya mama yako aingie badala yako! Loo! Nilikufundisha kula, nikakufundisha kusali, kumbe nilisahau kukufundisha kuona haya.

Niliitupa barua yako chini, nikajilaza mchana ule ule kwa hasira. Na usingizi nao hauna adabu, ukanichukua. Nikamuona dada yangu, mama yako. Alikuwa anatembea kwenye shamba jeusi, pana, halina mwisho, na juu yake ukungu. Miguu yake mitupu, nguo yake nyeupe, na haichafuki. Nikamuita. Akageuka, akacheka kile kicheko chake cha kufunika mudomo, akasema, "Abedi, mbona unasimama njiani?" Nikaamka, na ile harufu ya mvua iko ndani ya nyumba, na nje jua kali.

Sijui maana yake. Kuja siji. Lakini udongo wenyewe sijauona, na mimi sipendi kutukana kitu ambacho sijakiona.

Mujomba wako,
Abedi

*

Kasongo, tarehe 11 ya mwezi wa kumi, 1955

Mujomba wangu,

Asalam aleikum. Natumaini hasira imeshuka na kifua kimefunguka. Umenigombeza na una haki. Niliisoma barua yako nikaona haya nikiwa peke yangu chumbani.

Ila umesema udongo hujauona. Basi leo nimeutuma. Iko kamio ya mizigo inayokwenda mpaka Salamabila kwenye machimbo ya dhahabu, itapita kwenu. Nimenunua kitambaa cheupe kipya, dukani kwa Mzee Yakubu mwenyewe, nikaufunga vizuri, nikashona. Sikutaka ufike ndani ya gunia chafu, ungeudharau mbele ya kuushika. Shofere sikumuambia ni udongo wa wapi, angeutupa porini. Nimemuambia tu: mupelekee Mzee Abedi wa Kabambare, umetoka kwa Faradji.

Barua hii naitia posta, maana shofere hana mufuko usiotoboka. Ushike udongo, uunuse, halafu uniambie. Mwalimu wa musikiti wetu nilimuuliza kama ni najisi. Alisema kilichogeuka udongo ni udongo. Nikamuuliza kama yeye angekula mboga zake. Akasema ana haraka.

Mupwa wako,
Faradji

*

Kasongo, tarehe 14 ya mwezi wa kumi na moja, 1955

Mujomba wangu,

Asalam aleikum. Muko wazima? Nauliza sana, sababu mwezi umepita na sauti yenu siisikii. Maulidi tumesoma bila salamu yenu, na haijawahi kuwa hivyo. Kama ni hasira, nigombeze, ila kwa maneno. Ukinyamaza ninaogopa.

Bwana Pua ameniita tena. Kiti cha kapita bado kitupu, wafanyakazi wanafunua mashimo mapema, harufu inaingia sokoni, watu wanatukana. Aziza nilimuona mbali, kwenye kisima. Aliinua mukono nusu, kisha akaushusha.

Niandikieni hata mustari mumoja.

Mupwa wenu,
Faradji

*

Kabambare, tarehe 30 ya mwezi wa kumi na moja, 1955

Faradji, mutoto wangu,

Uko hai. Alhamdulilahi. Uko hai, uko hai! Leo sikuulizi hali, sababu kujua tu kwamba unashika kalamu kunanitosha.

Nitakueleza, na weye ukae chini.

Ile kamio ilifika siku ya soko. Shofere hakuzima hata moto wa kamio. Aliweka kifurushi mukononi mwa Mama Safi, akasema, "Kimetoka Kasongo, kwa Faradji wenu," akaenda zake. Barua ya kuandamana nacho haikuwepo. Mama Safi akafungua ushono kidogo, akaona udongo. Udongo katika kitambaa cheupe.

Faradji, weye ulikuwa mudogo, labda hukumbuki. Baba yako alipofia Kindu, mwili haukuweza kuletwa. Wenzake wa kazi walituletea udongo wa kaburi yake katika kitambaa cheupe, kilichoshonwa vilevile. Mama yako aliulaza kifuani usiku wote. Sasa unafikiri Mama Safi alifikiri nini?

Alianguka sokoni. Kelele yake niliisikia toka nyumbani, nikajua mbele ya kuambiwa, na yale mashimo yako hayakunijia hata kichwani.

Tulikaa matanga yako. Watu walijaa, Wabangubangu wa vijijini na watu wa muji, Waislamu na wa misheni pamoja. Mama Anastasie, yule jirani wetu wa kanisa, alipika ugali wa watu wote. Tuliusomea ule udongo Fatiha. Tuliupitisha mukono kwa mukono, kila mutu akaushika akasema neno zuri juu yako. Mengine yalikuwa uongo, lakini walisema. Mama Safi aliuweka shavuni. Halafu tukaumwaga chini ya mulimao nyuma ya nyumba, tukauzungushia mawe.

Mimi homa ikanipiga. Kifua kikafunga, maji hata kuyagusa nikawa siwezi. Wakati wa swala nikamuambia Mama Safi anikokote mpaka kwenye mulimao. Nikatayamamu pale, Faradji. Nilipiga viganja juu ya ule udongo wako, nikapangusa uso, nikapangusa mikono, nikasali nikiwa nimekaa. Na katika sijida nikaomba jambo la kijinga, jambo ambalo mutu muzima na akili yake haombi. Nilisema, "Mungu wangu, nirudishie yule mutoto."

Nilikuwa kama mutu aliye ndani ya maji. Nikamuona tena mama yako kwenye shamba lake, amechuchumaa, anachimba kidogo kidogo kwa vidole, hana haraka.

Jana posta ikaleta barua zako mbili mara moja, hii ya kamio na ile ya kulalamika. Nikasoma kwa sauti. Nilipofika kwa neno la udongo ni wa wapi, Mama Safi alisimama, akaniangalia mimi, akaangalia mikono yake, akaangalia mulimao. Nikafikiri atatapika. Alicheka, Faradji! Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akalia tena, na mimi nikafuata. Muji muzima bado hatujauambia. Kila mutu ameushika, hata imamu.

Mutu angesema ile swala yangu imeharibika. Labda. Sijamuuliza mwalimu na sitamuuliza. Niliomba kitu kisichowezekana, na kikaja na posta. Mimi siwezi tena kufungua mudomo niuite ule udongo uchafu.

Juu ya kazi sijasema kitu. Ninachoka haraka. Nitaandika.

Mujomba wako,
Abedi

*

Kasongo, tarehe 13 ya mwezi wa kumi na mbili, 1955

Mujomba wangu, Mama yangu Safi,

Asalam aleikum. Munisamehe. Nimesoma barua yenu nimesimama mulangoni kwa posta, watu wananipita, wananiuliza nani amekufa.

Nilikumbuka kile kifua cha mama na kile kitambaa. Sijui nilikuwa nimekificha wapi kichwani.

Muliushika udongo ule kwa mikono yenu, muliulilia, na mimi ndiye niliyeushonea kitambaa ili nisionekane nao. Nikaona haya ambayo hata Mzee Yakubu hawezi kunipa. Nikaenda bilo moja kwa moja, nikamuambia Bwana Pua, "Andika jina langu. Kapita ni mimi." Alifikiri nimekunywa.

Jioni nilikwenda dukani mimi mwenyewe, asije akasikia kwa mwingine. Mzee Yakubu hakugomba. Alisema "Sawa," akaendelea kukunja vitambaa. Zile zawadi za posa zilirudishwa kesho yake, zote, hata ile kanga. Niliziweka kitandani. Naumia, Mujomba, sitakudanganya. Lakini asubuhi nilikwenda kwenye mashimo kukiwa na ukungu, nikaingiza mikono mpaka viwiko, na udongo ulikuwa na moto ndani yake kama mukate.

Usije kwa ajili yangu. Kifua chako kwanza.

Mutoto wenu,
Faradji

*

Kabambare, tarehe 2 ya mwezi wa kwanza, 1956

Kapita wangu,

Aleikum salam. Kifua kimefunguka. Mbuzi amekufa kwa kula sabuni, usicheke, Mama Safi yuko na huzuni.

Mama Safi anasema barua mutu yeyote anaweza kuandika. Tangu matanga hajasuka nywele, na hatasuka mpaka mimi nikuone kwa macho na nikushike kichwa. Basi kamio ya Jumatatu ya tatu ya mwezi huu inanileta. Nikifika, mbele ya chai, mbele ya salamu, uiname.

Kisha utanipa jembe na shimo. Huo ukapita wako siutaki, sijawahi kupenda kofia ya ukubwa. Nitakuwa mutu wako, utanituma nami nitakwenda, na ukiniamuru vibaya nitakuambia mimi ni mujomba wako.

Chini ya mulimao, ndani ya yale mawe, mboga ya lengalenga imeota bila kupandwa, majani mapana kama mukono. Mama Safi ataichuma na kunifungia kikapuni. Siku ya pili nitakwenda nayo kwa Mzee Yakubu. Nitaomba moto na sufuria, nitaipika ukumbini pake, nitakula ya kwanza, halafu nitamsogezea sahani na kumuambia hii ilitoka kaburini kwa yule kijana uliyemukataa. Kama atakula, tutazungumza habari ya Aziza. Kama hatakula, nitamaliza sahani yote mbele yake, maana ni tamu.

Lakini kwanza kichwa. Usivae kofia.

Mujomba wako,
Abedi