Nyuzi Zilizolegezwa

Jumatatu, 4 Novemba

Tumealikwa! Tamasha la zilipendwa, Jumamosi, saa kumi jioni. Dada, mwimbaji wetu, kanipigia simu anacheka kama bibi harusi, na miaka yake sabini na moja. Nimempigia gitaa tangu nina miaka ishirini. Nimemwitikia vizuri, lakini moyo mzito.

Jumatano, 6 Novemba

Mazoezi, chumba cha nyuma kwa mpiga besi. Nilifika mapema, tukalegeza nyuzi kabla Dada hajaingia. Siri yetu wawili, mwaka wa kumi na nane sasa.

Ilianza na kikohozi. Dada aliugua, nota ya juu ya ule wimbo wake mkubwa ikamshinda. Nikashusha nyuzi kidogo, wimbo mzima ukashuka nazo — shoo moja tu, nilijiambia. Akaipata. Akanikumbatia: sauti yangu imerudi, mdogo wangu. Ningemwambia nini? Mwaka uliofuata nikashusha tena. Na tena. Mpiga besi anasema nyuzi zake sasa ni za kuanikia nguo. Tulicheka. Si jambo la kuchekesha.

Dada mwenyewe hasikilizi santuri zake. Redio ikizipiga, anazima. Anasema hizo ni za wasiomfahamu.

Alhamisi, 7 Novemba

Balaa. Mwandaaji ana wazo: santuri ya wimbo ule ipigwe kwanza, ubeti mmoja, kisha sisi tudakie wa pili papo hapo. Dada wa miaka ishirini na sita, halafu Dada huyu. Mwenyewe amelia kwa furaha. Nikampigia mwandaaji, nikamwambia wazo ni baya. Kwa nini? Basi tu, nikasema. Jibu gani hilo!

Ijumaa, 8 Novemba

Nilikwenda kwake kumwambia. Nikamkuta anapiga pasi gauni la kesho. Nikanywa chai, nikarudi. Mwoga mimi.

Jumamosi, 9 Novemba

Saa nane mchana. Uwanjani, kujaribu vyombo.

Santuri ikalia kwenye maspika makubwa. Sauti ile! Nilikuwa nimeisahau. Ubeti ukaisha, tukadakia — tukatumbukia shimoni, chini kabisa ya santuri. Wabeba spika waligeuka. Dada akanyanyua mkono, tukanyamaza. Akataka ipigwe tena. Akaisikiliza hadi mwisho, macho kwenye sakafu ya jukwaa.

Wameikimbiza, akasema. Santuri inakwenda mbio, mimi sikuimba juu hivyo. Kisha akanigeukia, kwa upole: nenda kamwambie fundi aipunguze mwendo.

Nimekwenda. Fundi mitambo anasema mashine haina kasoro, huo ndio mwendo wake. Ila nikitaka ataipunguza, ni kuzungusha kitufe tu. Kanionjesha kwenye vipokea sauti. Yule binti akawa anaburuta maneno, sauti nzito, imechoka. Ikakaa sawasawa na nyuzi zetu.

Watakuja watu walioujua wimbo huu tangu ujana wao. Watamsikia hivyo. Nikikataa, watamsikia Dada akishindwa. Na nikisema ukweli atakuwa na saa mbili za kuuzoea, kisha apande kuimba.

Nimeomba dakika tano. Nimekaa kwenye ngazi za nyuma naandika upuuzi huu. Mpiga besi anajifanya kufunga kamba za viatu. Dada bado yuko pale juu, anajipepea kwa karatasi. Ananiuliza kwa mkono: vipi?

Nimemnyooshea dole gumba. Fundi naye ameliona, na mkono wake umeshafika kwenye kitufe.