Oili Niliyowaletea Bukima

Gereji ya Shamba la Mkonge,
Tanga

Mdogo wangu Majura,

Hamjambo hapo Bukima? Kifua cha mama kimepoa au bado anakohoa usiku? Huku mwili wangu mzima, ila nimechoka. Mkonge umeanza kukatwa, matrekta yanaharibika kila siku, nashinda chini ya vyuma mpaka mgongo unakataa kunyooka. Nikilala usingizi hauji, na si kwa sababu ya kazi.

Dada yetu wa Kamunyonge ameniandikia. Anasema umenyang'anywa udereva wa Landrova ya kijiji, watoto wanakuita mhujumu, na mwezi huu kamati itakaa kuamua kama upelekwe polisi Musoma. Anasema mama hali chakula vizuri. Majura, si wewe uliyeua ile injini. Ni mimi.

Unakumbuka nilipokuja likizo na yale makopo ya oili mpya. Niliyashusha mbele za watu kama vile nimeleta ng'ombe wa mahari. Wewe ukaniambia taratibu, "Kaka, hii gari tangu enzi za yule bwana shamba Mzungu inakunywaga oili namba thelathini ya kawaida. Tusiibadilishe ghafla."

Mimi nikakujibu, "Wewe ni dereva wa kufukuza mbuzi barabarani! Nani anashinda gereji hapa?" Watu wakacheka, na wewe ukacheka. Nikaimwaga ile ya zamani, nikaweka yangu.

Halafu ile siku ya kupeleka pamba Bunda. Tumetoka Musoma vizuri, njia ya Butiama tumeshaiacha nyuma, injini ikaanza kugonga kama mtu anatwanga. Mwenyekiti akashuka, akasema, "Haya fundi, wewe ndiyo tunakutegemea. Kuna nini?"

Nilichomoa stiki ya kupimia oili. Ilikuwa imejaa, Majura. Nimeiona kwa macho yangu. Nikaifuta haraka kwa shati nikasema, "Dereva hakupima oili. Imekauka."

Mwenyekiti akakugeukia. "Majura, ni kweli?"

Ukaniangalia. Ukasema, "Kaka ameshasema."

Basi wakaona umekiri. Nilijua kwetu mdogo hawezi kumbishia mkubwa wake mbele za watu. Nilijua utanyamaza, ndiyo maana nikathubutu. Kesho yake nikapanda basi la Mwanza, nikakuacha na gari imekufa.

Juzi hapa imeletwa gari kuukuu inagonga vilevile, imewekwa oili kama yangu. Tukafungua sampu, lile karai la oili chini ya injini. Chujio limezibwa na tope jeusi zito kama uji wa mtama. Ile oili mpya ina dawa ya kuosha. Injini mpya inaipenda. Lakini injini ya zamani iliyozoea oili isiyo na dawa, uchafu wa miaka umeganda ndani, basi dawa inaubandua wote kwa mara moja, unashuka unaziba chujio. Stiki inaonyesha imejaa, lakini oili haipandi, huku juu vyuma vinasagana vikavu. Wewe ulikuwa sahihi. Mimi nilitaka kusifiwa tu.

Fanyeni hivi. Msiiwashe kabisa. Fungueni sampu mbele ya kamati, waone lile tope kwa macho yao. Osheni chujio kwa dizeli, rudisheni namba thelathini ya kawaida. Ikigonga bado, basi beringi zimeliwa. Nitazitafuta huku nije kuzifunga mwenyewe. Ruhusa nimeomba, bwana wa gereji hajanijibu.

Barua hii usiifiche kwa kunionea aibu. Mpe mwenyekiti aisome mkutanoni, na mama akae hapo asikie. Wakikuuliza, ongea. Mimi mkubwa wako nakuruhusu: nikanushe mbele za watu wote, sema kaka alidanganya. Sitakuhesabia kama ni kukosa adabu.

Msalimie mama, mwambie asiache kula. Msalimie shemeji, najua maneno ya kisimani yeye ndiye anayapokea, anisamehe akiweza. Na mjomba mvuvi, na dada akija kutoka Kamunyonge.

Hapa chini nimeandika jina lote mpaka la baba, ili mkutanoni asitokee mtu wa kusema ni wewe umejiandikia.

Ni mimi kaka yako niliyekukosea,
Petro Masatu Mafuru