Kigingi cha Yadi Mia na Hamsini

Ijumaa, 1 Machi

Vigingi vimenichosha. Arobaini na viwili! Kila Ijumaa nang'oa kimoja kimoja, napitisha mashine ya nyasi, narudisha kimoja kimoja. Vyekundu yadi mia, vyeupe mia na hamsini, vya buluu mia mbili. Kazi yake ni kumwambia mcheza gofu amebakiza umbali gani mpaka kwenye bendera, maana macho Mungu aliyompa hayamtoshi.

Kila kigingi kina bomba lake ardhini, kinachomekwa humo kisihame hata inchi. Na waungwana wanatupa nini humo bombani? Vichungi vya sigara. Makaratasi ya pipi. Leo shimo la saba nimekuta leso iliyopengewa kamasi, imelowa, imevimba, imeziba bomba lote. Sikuingiza kidole, mimi si mama yao. Nimekichomeka kile cheupe mbele kidogo, kwenye udongo laini. Kesho nitakuja na koleo nikirudishe.

Kaka kapita kibandani asubuhi kama kawaida. Kauliza, bendera leo ziko wapi? Nikamtajia shimo kwa shimo — mbele, katikati, nyuma. Makedi wengine, wabeba mifuko wenzake, hawaulizi, wanaangalia tu. Nilijifanya sijui kwa nini yeye anauliza.

Jumamosi, 2 Machi

Meneja kanivuta kwenye viti. Siku nzima nafuta viti vya fainali ya kesho! Miaka kumi na mmoja natunza nyasi, leo nafuta makalio ya wageni. Mgongo hauna hamu. Shimo la saba sikufika.

Jumapili, 3 Machi

Sijui nianzie wapi.

Kaka alibeba mfuko wa Mwenyekiti wa kamati ya uwanja. Yule anayesafisha mpira kwa mate halafu anakupa mkono. Ana kidarubini kinachopima umbali, kinaning'inia kiunoni mwaka mzima. Shimo la tano kikaisha betri. Basi shimo la saba ikabidi amgeukie binadamu.

Nilikuwa upande wa pili na reki yangu. Nilimwona kaka akitoka kwenye kigingi cheupe, akihesabu hatua mpaka ulipo mpira. Nne. Akasema mia hamsini na nne, akampa fimbo. Makedi wenzake wanamwita Futikamba, kwa sababu miaka thelathini hajawahi kukosea namba. Mwenyekiti akapiga. Alipiga vizuri, tena sana! Mpira ukapita juu ya bendera, ukapita nyasi fupi yote, ukaingia kwenye miiba. Kikombe kikaenda na miiba.

Alitupa fimbo chini. Mbele ya wageni wote akamwambia kaka kwamba hata punda angehesabu hatua nne. Kaka akainama, akaiokota fimbo, akaifuta.

Hapo ndipo nilipokitazama kigingi. Bado kilikuwa mbele, pale nilipokichomeka Ijumaa.

Wakati wanagawa zawadi nilikwenda na koleo. Nikazibua bomba kwa mkono mtupu, leso na yote. Nikapima: hatua kumi na nne nilikuwa nimekisogeza. Nikakirudisha. Hakuna aliyeniona. Nimenawa mikono mara tatu na bado naisikia ile harufu.

Jumatatu, 4 Machi

Mwenyekiti kafika saa mbili asubuhi, kidarubini kimejaa chaji. Kaenda moja kwa moja shimo la saba, kapima kutoka kigingini. Mia na hamsini kamili. Bila shaka! Nimekirudisha mwenyewe.

Kwa hiyo kosa ni la kaka peke yake. Nilitaka kuficha langu, nimemtwisha yeye.

Nikajipa moyo, nikaenda ofisini kwa Meneja. Alikuwa kwenye simu. Nilisimama kando ya kabati lake dakika nzima, maneno yote nimeyapanga. Akafunika simu kwa kiganja, akaniuliza nina shida gani.

Nikaomba glavu mpya.

Kanipa jozi mbili. Nimezitia kwenye sanduku la takataka. Najiona kinyaa.

Jumatano, 6 Machi

Kamati imekaa. Nilikuwa napalilia maua chini ya dirisha, na dirisha lilikuwa wazi. Watu hawa hawadhani kwamba mwenye jembe ana masikio.

Hoja ya Mwenyekiti: siku hizi kila mtu ana kidarubini au simu yenye ramani, sasa vigingi ni vya nini? Vinaharibu sura ya uwanja. Kimoja kilikuwa sahihi kabisa na bado kedi kakosea, basi havimsaidii hata anayevitegemea. Mwingine akaongeza kwamba vinachelewesha kukata nyasi. Kumbe wananionea huruma!

Mwanachama mmoja mzee, yule anayevaa kofia ileile tangu nianze kazi, kauliza: betri zikiisha? Wakacheka. Mtu aliyeishiwa betri Jumapili ndiye aliyecheka zaidi. Mzee akasema tena, mgeni asiye na mashine atajuaje? Na mtoto anayejifunza? Wakamwambia atazoea.

Ni kweli navichukia vile vijiti. Miaka kumi na mmoja navitukana. Lakini nimewaona watu hawa na vidarubini vyao. Wanapima mara tatu, wanabishana na mashine, wanapima mara ya nne, halafu mpira unaingia bwawani. Kigingi unakitazama mara moja, unapiga, unaondoka. Hakilii, hakichajiwi, hakimtukani mtu.

Hawakunisikia, na sikusema kwa sauti.

Wameamua. Vigingi vyote ving'olewe kabla ya tarehe kumi na tano. Na makedi wapimwe: mtu asimame uwanjani bila kigingi, ataje umbali mara tatu. Akikosea zaidi ya yadi tano hata mara moja, mfuko anaacha. Ataanza Futikamba.

Alhamisi, 7 Machi

Nimemwambia wifi kwamba kaka haoni vizuri. Tulikuwa tunaanua nguo. Aliendelea kukunja shuka, akasema kwa upole kwamba anajua. Mwaka mzima anajua. Mume wake anamimina chai pembeni ya kikombe, naye anafuta meza kabla hajagundua. Akiingia mtu mlangoni, wifi hulitaja jina kwanza ili kaka ajue wa kumsalimia.

Daktari alishasema: mtoto wa jicho, macho yote mawili, hutolewa kwa upasuaji mdogo. Kaka kajibu kwamba jicho halichezewi. Mkaidi! Cha karibu anakiona, kigingi akikifikia anakiona. Cha mbali ni ukungu. Mpira anausikiliza unapoangukia, hatua anahesabu kwa miguu, bendera ananiuliza mimi. Ndivyo alivyofika hapa. Vikitoka vigingi, naye katoka.

Jioni nikamvaa. Nikamwambia aende hospitali kesho, aache kiburi. Akasema akikosa kazi mwezi mzima wa kufunga jicho, mfuko wake atapewa mwingine, na aliyepewa harudishi. Nikamwambia basi atapofuka akiwa na mfuko begani. Wifi akanikanyaga mguu chini ya meza.

Lililo langu sikulisema. Nilikuwa na hasira naye, na hasira ile ilinifaa sana.

Jumatatu, 11 Machi

Nimeving'oa.

Nilianza shimo la kwanza saa kumi na mbili na nusu. Vinatoka kwa urahisi, kuvuta tu. Mabomba nayo nimeambiwa nitoe, nijaze mchanga na mbegu. Mpaka saa nane nina mzigo wa vijiti kwenye toroli, rangi tatu. Mwenyekiti akapita na kigari chake, akapunguza mwendo, akasema uwanja sasa unapumua. Pua yake ilikuwa na mafuta meupe ya jua. Nikamjibu ndiyo mzee. Ulimi wangu huu!

Shimo la saba nikaliacha mwisho. Nikasimama pale na kile cheupe mkononi. Nikapanga: naenda kwa Meneja sasa hivi, na kigingi hiki hiki, namwambia Ijumaa ile sikukirudisha bombani. Kisha nikafika kwenye swali litakalofuata. Wataniuliza, Futikamba miaka thelathini kwenye nyasi hizi, kigingi kimehama hatua kumi na nne, hakuona? Kipofu tu ndiye asingeona. Nikisema, namtoa mimi. Nisiposema, wanamtoa wao.

Sababu nzuri kabisa. Naichukia kwa vile ilivyo nzuri. Ukweli ni kwamba naogopa kufukuzwa, mengine nimeyatafuta baadaye.

Alhamisi, 14 Machi

Siku tatu kaka anaingia uwanjani kabla ya wanachama. Anahesabu upya kila kitu. Kutoka bomba la maji mpaka mti wa pili, kutoka mti mpaka ukingo wa mchanga. Mimi natembea pembeni na reki, najifanya nafanya kazi, namtajia bendera. Ananirudishia namba kwa mdomo, kimyakimya, akikosea anarudi mwanzo. Mtu wa miaka hamsini na nane!

Leo kapata namba kumi na sita kati ya kumi na nane. Nilipima kwa kamba ndefu ya bustani. Zilizokosewa mbili, zilikosewa kwa yadi sita.

Nimefurahi, nikasahau kwa nusu saa kwamba mimi ndiye chanzo. Halafu nikamwona amesimama mbele ya toroli langu akilisabahi kama mtu.

Ijumaa, 15 Machi

Naandikia kibandani. Mvua. Wote wamekimbilia barazani, jaribio limesimama katikati.

La kwanza, shimo la pili. Mwenyekiti, Meneja, makedi wote wamepangwa pembeni waone. Kaka akatembea kutoka bomba la maji, akataja mia ishirini na moja. Kidarubini kikasema mia ishirini na tatu. Makedi wakapiga makofi. La pili, shimo la tisa. Mia sabini na nane — kamili! Nilitaka kupiga kelele. Mwenyekiti akakitikisa kidarubini chake, akapima upya. Akapata ileile. Akatema mate pembeni, karibu na kiatu changu.

Kisha akasema la tatu litakuwa tofauti. Haiwezekani mtu awe anahesabu hatua kutoka kwenye mabomba ya maji. Watampakia kwenye kigari, watamshusha mahali Mwenyekiti atakapochagua mwenyewe, asimame hapo hapo, atazame bendera, ataje. Kedi wa kweli ana jicho, kasema. Ndipo mvua ikaanza.

Kaka kaja hapa kibandani, sio barazani na wenzake. Kakaa juu ya gunia la mbolea. Maji yanamtoka kofiani. Nikampa taulo. Nilikuwa nimeshafungua mdomo, kweli nilikuwa nimefungua, akaniwahi.

"Kile kigingi hakikuwa mahali pake," kasema. Taratibu tu, kama anayenikumbusha kufunga bomba la maji.

"Ulijua?"

"Miguu ilijua. Kutoka kwenye bomba la maji mpaka kigingini huwa hatua ishirini na mbili. Siku ile zikawa thelathini na sita. Nikasema nimezeeka, nimehesabu vibaya. Vigingi anapanda dada yangu, na dada yangu hakosei."

Nimeshindwa kumtazama. Alikuwa na namba sahihi miguuni! Angeitaja hiyo, Mwenyekiti angekuwa na kikombe, na sisi tungekuwa na vigingi. Kaiacha yake, kachukua yangu.

Nikamwambia. Leso, bomba, koleo, glavu — yote, mpaka nilivyosubiri wagawe zawadi. Akasikiliza hadi mwisho. Akauliza kama mikono yangu ilipona ule uchafu. Basi.

Nikamwambia naenda sasa hivi barazani nikaseme. Akasema nisithubutu. Nikisema watajua macho yake. Amebakiza moja tu, atakisia. Shimo gani wanaweza kumpeleka asilolijua? Nikamwuliza atakisiaje asichokiona. Akasema atasikiliza kitambaa cha bendera kwenye upepo. Nimemkatalia, kitambaa kimelowa, hakitapiga. Akanirudishia taulo, amelikunja vizuri.

Mvua inakatika. Makedi wanatoka barazani. Kigari kimewashwa.

Honi.

Kaka kasimama, kavaa kofia, kanishika bega, katoka. Namwona kupitia mlango huu. Kigari kiko kushoto, Mwenyekiti ameketi ndani na kidarubini mapajani. Kaka anakwenda kulia. Anatembea moja kwa moja, kifua mbele, mkono ameunyoosha kusalimia, kuelekea toroli langu la vijiti.

Makedi wanatazamana. Meneja anamwangalia. Sasa na Mwenyekiti amegeuka.

Natoka.