Samaki wa Nyamityobora

Jumatatu, 3 Machi

Ngege wadogo leo, ziwa limekuwa na uchoyo. Nimewakwangua magamba mbele ya nyumba. Mvua ikanikatiza mara mbili. Matumbo nimewatupia bata wa jirani.

Mama Kato amerudi. Yule mke wa sajenti, wa kambi ya jeshi Mbarara. Mwezi uliopita alipita hapa sokoni Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi, akala samaki wangu akiwa amesimama, akalamba vidole. Sasa anataka kufungua hoteli ya samaki mjini na mimi niwe mpishi. Lakini kwanza nizunguke mji, nile samaki kila fasi wanapouza, nimletee habari: nani anapika vizuri, nani anaharibu. Chakula na boda juu yake.

"Wewe nakula tu, nyabo," alisema. "Nakula, naangalia, halafu naniambia."

Nina miaka thelathini na sita. Hakuna mtu aliyewahi kunituma kula. Nimekubali kabla hajamaliza.

Jumanne, 4 Machi

Hoteli ya kwanza, karibu na stendi ya mabasi. Wamekata kichwa. Samaki mzima, hana kichwa! Nikamuuliza msichana kichwa kiko wapi. Akasema wateja wanakiogopa. Kwetu Baraka, Kongo, kando ya Ziwa Tanganyika, kichwa ni cha mgeni. Nilikaa nikiangalia ile sahani kama mtu aliyetukanwa.

Ya pili, ghorofani, yenye televisheni. Amekaangwa mpaka amekuwa ubao. Chipsi mingi. Limau hakuna.

Ya tatu, samaki wa jana. Jicho la jana nalijua. Sikumaliza.

Majibu ya Mama Kato nimeyaandika kwenye karatasi nyingine. Hapa naandika yangu: mji mkubwa hivi, na hawajui samaki. Nimefurahi. Ni dhambi ndogo.

Alhamisi, 6 Machi

Ruharo, upande wa hospitali. Nyumba ndogo, meza nne, watu wanakula huku wakingoja habari za wagonjwa wao. Hakuna kelele. Mwenye hoteli ni mama Mnyankore. Kiswahili chake ni "karibu" na "bado". Samaki wa moshi ndani ya mchuzi wa karanga, na matoke.

Nilikuja kudharau. Nimefuta sahani kwa kidole.

Nikawaza, hapa ningemleta mtu. Mtu gani? Sina mtu.

Ijumaa, 7 Machi

Niandike kwa mpango.

Nyamityobora. Hoteli ya mbao nyuma ya mafundi cherehani. Nimeagiza ngege wa kuchoma. Ameletwa. Mikato mitatu ubavuni. Nimemgeuza. Miwili upande wa pili.

Hakuna mtu anayekata hivyo. Mama yetu tu, Baraka: mitatu upande unaotangulia motoni, miwili upande unaomalizia, na ndani ya kila mkato chumvi, tangawizi na pilipili ya kusaga. Alitufundisha mimi na mdogo wangu Zawadi. Mama alikufa. Zawadi alikufa. Nilibaki mimi.

Nimeingia jikoni bila kuomba. Mpishi ni msichana wa hapa hapa Mbarara, anaitwa Peace. Nikamuuliza nani alimfundisha kukata hivi.

"Mama Neema," alisema. "Mucongomani. Alikuwa napika hapa zamani. Sasa iko kwake Ngarama."

Mama Neema ni mimi. Neema ni mtoto wangu. Alikuwa na miaka miwili. Tangu nimpoteze nimekataza watu kuniita hivyo. Hapa Nakivale ni Furaha tu, Furaha wa samaki.

Nilikaa chini, juu ya gunia la makaa. Peace akanipa maji. Akauliza kama samaki ilikuwa mbaya.

Jumamosi, 8 Machi

Niandike mara moja, nisirudie tena.

Miaka tisa iliyopita. Baba Neema alikuwa ameshakufa kwa homa. Asubuhi ile nilikwenda ufukoni kununua samaki wa mukeke, nikamwachia Zawadi mtoto. Risasi zikaanza upande wa soko. Kila mtu akakimbilia njia iliyokuwa karibu naye. Mimi, milima. Zawadi, maji. Wiki ya pili, njiani, watu watatu wakaniambia mtumbwi wake ulizama. Waliona kitenge chake kinaelea. Wakanieleza maua yake. Kitenge nilikijua, nilimnunulia mwenyewe.

Nikaacha kuuliza.

Sasa najiambia: Neema ni jina la watoto mingi. Kukata samaki, mtu anaweza kuiga. Nimejiambia hivyo kutwa nzima. Sijapika.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani. Kwaya iliimba, mimi nilifungua mdomo tu. Mama Pasta akauliza kama ni malaria. Nimesema ndiyo. Nimedanganya ndani ya nyumba ya Mungu.

Jumatatu, 10 Machi

Boda mpaka Ngarama. Tope. Kwenye senta, penye maduka, nikauliza Mama Neema, Mkongomani. Watoto wawili wakanyoosha vidole kwa pamoja. Rahisi hivyo. Mwendo wa asubuhi moja.

Alikuwa anachagua maharage mlangoni. Amenenepa. Ana mvi upande mmoja. Akainua kichwa, ungo ukaanguka. Hakupiga kelele. Alisema "Yaya" tu, dada mkubwa kwa Kiswahili cha kwetu. Kama mtu aliyekuwa ananingoja, na alikuwa anaomba nisifike.

Tulishikana. Tulilia. Zawadi wangu, mzima, ananuka moshi. Nikauliza: "Mutoto?"

"Iko ku masomo."

Iko. Yuko hai.

Akarudi mchana kula. Nilimjua kwa mwendo kabla sijaona uso: mguu wa kushoto unaangalia nje, kama wa baba yake. Mrefu. Miaka kumi na moja. Sare ya bluu. Akanisalimia kwa Kinyankore, halafu kwa Kiswahili, akipiga goti kidogo, kwa heshima. Akamgeukia Zawadi.

"Mama, huyu ni nani?"

Nikangoja. Zawadi aliangalia maharage chini.

"Ni yaya yangu. Mama yako mukubwa."

Mtoto akala, akanawa, akarudi shule. Nimekaa hatua tatu kutoka kwa mtoto wangu na sikumgusa.

Ndipo nikamuuliza Zawadi alijua lini kwamba niko hai. Nilitegemea aseme leo.

"Pasaka ya mwaka juzi," alisema. "Batu ba kwaya balinambia uko Nakivale. Balisema unauzisha samaki."

Nimepanda boda. Sikuaga.

Jumanne, 11 Machi

Alijua. Alijua. Alijua.

Nimekwangua samaki mpaka nimejikata. Angebaki maiti ingekuwa nafuu. Nimeandika hivyo na sifuti.

Jumatano, 12 Machi

Mama Kato amefuata majibu yake. Nimempa karatasi. Hakuisoma, aliona uso wangu. Nimemwambia yote. Alishtuka, akavua viatu, akaketi mkekani kama mtu aliyefika msibani.

"Afande wangu iko na gari," alisema. "Jumamosi sisi nakwenda. Sisi nachukua mutoto. Wewe ndio mama, kwisha."

Kwisha. Neno tamu. Sikumkatalia. Alipoondoka nilihamisha masanduku na kupima fasi ya kitanda cha pili. Kinaingia.

Alhamisi, 13 Machi

Nimewaza gari la jeshi linasimama mbele ya mlango ule. Nimewaza uso wa mtoto dirishani. Nimewaza uso wa Zawadi pia, na hiyo imenifurahisha. Nimejiogopa.

Ijumaa, 14 Machi

Zawadi amekuja. Peke yake, kwa miguu kutoka barabara kubwa. Hakuingia ndani. Alipiga magoti mlangoni, majirani wakiona. Nilimwacha pale muda mrefu. Nilitaka waone.

Aliongea akiangalia chini. Mtumbwi ulizama kweli. Ulipoanza kujaa, alimfunga Neema mgongoni kwa kamba ya wavu, akakumbatia jerikani tupu. Maji yakawasukuma mpaka wavuvi wakawaokota. Alifungua bega akanionyesha. Kamba ilikula nyama. Kovu ni pana kama kidole changu cha gumba.

Wakavushwa mpaka Kigoma. Miaka mitatu Tanzania, halafu Ngarama. Neema alimwita mama. Yeye akaitika.

"Ningemuambia nini, Yaya? Wakati ile nilikuwa naamini ulikufa."

Nikamuuliza, na baada ya kujua? Kumbe alikuja. Mwaka juzi, mara moja, alifika mpaka hapa sokoni. Akaniona nakwangua samaki, naongea na mteja, nacheka. Alisimama nyuma ya duka la unga.

"Nikawaza, yaya iko na maisha yake. Miye niko na Neema tu." Akapanda boda ile ile iliyomleta.

Sijui siku gani ile. Sijui nilicheka nini.

Nimemwinua. Sijamsamehe. Nimemwinua tu, sababu mvua ilianza.

Tumekubaliana. Mtoto ataambiwa, kesho, na sisi wote wawili. Wapi? Ngarama hapana, majirani. Hapa hapana. Mjini, mezani, akiwa anakula. Zawadi akaniuliza fasi nzuri ya kula ni wapi. Mimi niliyekula mji mzima. Sio Nyamityobora, Peace angetusikia. Sio stendi. Nimesema Ruharo.

Nimempigia Mama Kato simu, gari lisije. Amenung'unika kwa lugha yake mpaka akakata.

Jumamosi, 15 Machi

Meza ya pembeni. Neema hajawahi kula mjini. Aliomba chipsi, hakuna, akaletewa samaki na matoke. Alikula haraka, akiangalia watu. Alikuwa na furaha. Nilitamani tunyamaze tu, tumwache amalize.

Zawadi alianza, sauti ikakatika. Nikamalizia mimi. Maneno machache. Mimi ndiye niliyekuzaa. Huyu ndiye aliyekuokoa.

Akaacha kula. Aliangalia mikono yangu, halafu ya Zawadi. Hakulia. Akamuuliza Zawadi: "Ulijua iko hai?"

Zawadi akasema ndiyo.

Akanigeukia mimi. "Na weye, ulinitafuta?"

Hilo sikulitegemea. Wiki nzima nilikuwa hakimu. Nikahisi kiti kinazama. Ningeweza kudanganya, mtoto wa miaka kumi na moja angejuaje? Nikasema ukweli. Niliuliza wiki mbili. Halafu niliambiwa umekufa, nikaacha.

Akasukuma sahani. Akatoka nje, akasimama kando ya barabara peke yake, mikono nyuma, mgongo kwetu. Nilipomfuata alisogea. Zawadi alipomfuata, akasogea pia.

Tulirudi ndani kumalizana na mwenye hoteli. Sahani tatu, zote nusu. Yule mama akatuangalia, akasema "bado?" Zawadi akatikisa kichwa.

Jumatatu, 17 Machi

Hasira yangu kwa Zawadi imepungua. Sikuifukuza. Imekosa fasi, sababu nina kosa langu mwenyewe.

Wiki mbili! Kitenge kimoja na maneno ya watu watatu, nikaamini. Yeye alimfunga mgongoni ndani ya maji. Mimi niliamini habari.

Ijumaa, 21 Machi

Hakuna simu. Nimeuza, nimefagia, nimekwenda maombi. Mama Pasta sasa anajua. Alishika mdomo kwa mikono miwili. Nilitegemea anipe mstari wa Biblia. Alisema tu, "Furaha, kula kitu."

Jumatano, 26 Machi

Zawadi amepiga. Mtoto hasemi naye sana, lakini anakula na anakwenda shule. Jana aliuliza ziwa la Nakivale ni kubwa kiasi gani. Zawadi alisema hajui, labda yaya yake anajua. Akasema basi amuulize.

Nimemwambia: ni kubwa, lakini ng'ambo inaonekana. Mwambie hivyo.

Mama Kato naye ameuliza tena juu ya hoteli yake. Nimemwambia angoje. Hakukasirika. Alisema, "Mutoto kwanza."

Jumamosi, 29 Machi

Wamekuja. Asubuhi tumekwenda ziwani wote watatu. Neema aliwaogopa viboko, nikamwonyesha walivyo mbali. Hakunishika mkono. Alitembea upande wangu.

Nyumbani aliketi kwenye kigoda akiniangalia nikipika. Ananiita Mama Mukubwa. Mara ya kwanza sikugeuka, sikujua ni mimi. Mara ya pili nimeitika.

Zawadi alikuwa amekwenda bombani. Mtoto alikula taratibu, akitoa miiba, mmoja mmoja, na kuipanga ukingoni mwa sahani. Halafu akachagua kipande kinene cha mgongo, akakiweka pembeni, akakifunika kwa bakuli.

Nikamuuliza ni cha nani.

"Cha mama."

Nimeweka jiwe juu ya bakuli, sababu ya paka. Tumekaa. Mvua ya mchana imekatika. Nje, Zawadi anakuja na ndoo, anapanda kilima polepole.