Mgeni Aliyefukuza Jini

Jumamosi, 5 Julai 2025
Filamu imekwisha! Dakika kumi na moja. Jini limevamia nyumba, familia inamwita jirani mwenye nguvu, jirani analifukuza — halafu anakaa kwenye kochi, anadai chakula, na haondoki. Maige kaigiza jirani vizuri mno. Evelina, mama wa nyumba, alitetemeka kweli. Kwenye fomu ya tamasha nimeandika: "fumbo la vita na majeshi ya kigeni." Mimi, ambaye risasi nimezisikia kwenye spika tu.

Jumatatu, 7 Julai
Mfadhili wa filamu kapiga simu ya video kutoka ng'ambo. Jini zuri, anasema, ila Afrika iko wapi? Anashauri mganga na ngoma. Atakuja Mwanza mwenyewe kusaidia. Wiki tatu, pengine zaidi. Nikasema karibu sana. Nimetengeneza filamu nzima juu ya jambo hili na bado nimesema karibu sana!

Alhamisi, 10 Julai
Baba kaomba kuiona. Alipigana vita vya Kagera, akaingia Uganda na wenzake. Zaidi ya hapo sijui. Hapa nyumbani vita ni medali moja kwenye kabati la vyombo, basi. Nilidhani atafurahi: tulivamiwa, tukamtoa adui.

Nilifunga mapazia saa tisa mchana. Jini lilipotokea, Baba akacheka. Akauliza kama ule weupe usoni mwake ni unga wa muhogo. (Ni unga wa muhogo.) Maige alipokaa kwenye kochi, kicheko kikakatika. Mwishoni:

"Koku, nani kakusimulia habari zangu?"

Hakuna, Baba, nimetunga.

Akatoka kwenda kumwagilia mchicha. Mama alikuwa ameshaumwagilia.

Ijumaa, 11 Julai
Hajala. Mama ananiangalia mimi.

Jumapili, 13 Julai
Baada ya misa Baba kaniita barazani. Nimekosea kitu kimoja, anasema: mgeni asiwe mkali. Yeye na wenzake, kule Uganda, walikuwa na adabu. Walikaa wiki tatu kwa mwanamke mmoja, njia ya Masaka. Walimpasulia kuni, walimwita mama. Kila siku aliwapikia, na kila alipowapa sahani alitabasamu akawaambia wanawe maneno yaleyale, kwa Kiganda. Wenzake hawakuelewa. Baba ni Mhaya, na Kihaya na Kiganda ni lugha ndugu — alielewa yote. Alijifanya haelewi. Miaka arobaini na sita!

Alisemaje, Baba?

Akayatamka, polepole, kama yalivyo. Akalia. Na mimi, mtoto wa Pasiansi, hapa hapa Mwanza, Kihaya changu ni cha salamu na ugeni wa Krismasi kijijini. Nimedaka neno moja tu: abaana. Watoto.

Nikamwomba aseme kwa Kiswahili. "Kwa Kiswahili," akasema, "nilikuwa namjibu asante."

Mama angeelewa mara moja, Kihaya ndiyo lugha yake. Lakini Mama hajawahi kuambiwa.

Akatuita mezani. Akampa Baba sahani. Baba akasema asante — hakuigusa.

Nimejifungia chumbani. Nayaandika yale maneno kwa jinsi nilivyoyasikia, kabla hayajanipotea. Mama anagonga mlango. Anauliza Baba kaniambia nini.