Kasha la Mninga la Mashine ya Shomari

Shomari,

Jana ilikuwa arobaini yako. Pilau ilikuwa tele, na najua wewe ungeonja kijiko kimoja ukasema wamezidisha karafuu. Nilikaa jamvini nyumbani kwenu, Mkristo peke yangu katikati ya kofia, watu wakinipa pole kama ndugu yako wa damu. Ningezipokea pole zile kwa moyo mweupe kama ningezistahili. Nakuandikia kwa sababu nimemwambia mkeo jambo lisilo la kweli, tena siku ya hitima yako, na tangu asubuhi nimeshindwa kushika hata randa.

Kwanza nikupe habari za fremu yetu, kile chumba chetu cha kazi pale mtaa wa Gerezani. Upande wako wa fremu sasa anakaa binti anayeuza kava za simu. Si mbaya, ananisalimia vizuri, ila amepaka rangi ya waridi ukuta wote ulipokuwa ukining'iniza bodi za redio. Wateja bado wanakuja na TV zao za chogo begani wanauliza, "Fundi Shomari yupo?" Wiki za mwanzo nilikuwa nawaambia umesafiri. Ulimi ulikataa kusema lile jingine.

Na mashine yako ya gemu imepata kasha.

Unakumbuka ilivyokuwa, plastiki imepasuka pande zote, umeifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli kama mtu aliyevunjika mbavu. Ndiyo pekee iliyobaki kutoka banda la gemu la marehemu baba yako, na ulikataa kuiuza hata kwa wale vijana wanaozunguka Kariakoo kutafuta vitu vya zamani. Siku ile uliiweka juu ya meza yangu ukasema, "Damiani, si unajidai fundi mbao? Itengenezee nyumba." Nikapima bodi, nikakata vipande vya mninga vilivyobaki kwenye kitanda cha mteja, nikaunganisha kwa gundi. Halafu ukaja na kaseti na pedi zake ili uchomeke, na hakuna kilichoingia. Nilikuwa nimeipima mashine ikiwa tupu! Ulicheka hadi ukakaa chini. "Watu wa Newala bwana, mnajenga nyumba haina mlango!" Nilinuna siku nzima, kisha nikaanza upya, safari hii kila kitu kikiwa kimechomekwa, na chini nikatoboa matundu ya hewa ili isichemke.

Kabla sijamaliza, figo zikakulaza.

Nilikuja wodini siku ya pili. Ulikuwa bado unatania, ukamwambia muuguzi kwamba huyu ndiye aliyekuroga. Nikacheka. Lakini niliona miguu yako ilivyotokeza kwenye shuka, imejaa maji, ngozi inang'aa. Niliona uso umevimba hadi macho yamebaki kidogo tu. Ukaniuliza nyumba ya mashine imefikia wapi, nikasema imebaki vanishi, nitakuletea Alhamisi. Ukasema, "Usije nayo nusunusu." Ilikuwa sheria ya fremu yetu na wewe ndiye uliyeileta: mteja haonyeshwi kazi ambayo haijaisha, maana ataanza kukupangia. Redio za watu ulikuwa ukizifunika kwa kanga kuukuu hadi siku ya kuchukuliwa.

Kisha mvua ikaanza. Alhamisi nilikuta kasha bado linanata, alama za vidole zinabaki. Mkeo akanipigia simu. "Shemeji, mbona kimya? Mwenzio anakuulizia." Nikamwambia haijakauka, nakuja nayo kesho. Ijumaa nikamwambia vilevile. Jumamosi simu iliita nikaitazama hadi ikanyamaza. Jumapili asubuhi aliyepiga alikuwa kaka yako, na alasiri tulikuwa makaburini. Nilisimama nyuma ya watu, kucha zangu zina vanishi, sikujua mikono niiweke wapi.

Basi jana, watu walipoanza kutawanyika, nikampa shemeji kasha. Akalichomeka kwenye TV ya sebuleni. Taa nyekundu ikawaka, ule muziki wa kitoto ukaanza kupiga, na wazee waliokuwa wakitafuta viatu vyao mlangoni wakageuka. Shemeji akalia. Mimi nikapata ujasiri wa kuuliza swali nililolibeba siku zote hizi: zile siku za mwisho, alisema nini juu yangu?

Mkeo hapambi maneno, unamjua.

"Alikuulizia mpaka Ijumaa. Jumamosi akasema, mwache Damiani, anaogopa kuniona hivi."

Nikasema hapana, haikuwa hivyo hata kidogo. Nikamweleza mvua, nikamweleza vanishi, nikamweleza sheria yetu ya fremu na maneno yako mwenyewe ya pale kitandani. Nilieleza vizuri mno. Akapangusa macho kwa ncha ya mtandio, akapitisha kiganja juu ya ile mbao, akasema, "Kumbe. Basi marehemu alikudhania vibaya. Shemeji, nakuomba umsamehe mwenzio, asikae na kinyongo chako kule alipo."

Hivyo ndivyo mnavyofanya kwenu, mnamwombea maiti radhi kwa aliowakosea. Wazee wakasimama na viatu mikononi, wakinitazama, wakisubiri nitamke.

Nikatamka. "Nimemsamehe."

Shomari, vanishi ilikauka Ijumaa.

Mvua ilikatika asubuhi, jua likatoka kali, na saa sita nilipoligusa kasha lilikuwa kavu kabisa. Lilipendeza. Ningedaka bajaji pale barabarani ningekukuta muda wa kuona wagonjwa, ungelishika, ungelitafutia kasoro. Badala yake nilichukua msasa. Nilijiambia upande wa kushoto pamefanya vipele. Hapakuwa na kipele hata kimoja. Nililisugua hadi mbao tupu nikalipaka upya, ili likiwa bichi niwe na cha kumwambia mkeo. Jumamosi likakauka tena, nikalisugua tena.

Niliogopa, ndugu yangu. Niliogopa miguu yako. Niliogopa ile harufu ya wodi, niliogopa utaniuliza kama utapona na mimi nitakutazama usoni nikudanganye. Nilikuwa fremu, hatua chache kutoka barabarani, nimekumbatia kopo la vanishi kama mjinga, na wewe umelala unatazama mlango. Ulinijua kuliko ninavyojijua. Tena hukunilaumu, ulisema tu waniache. Nami nikaja kula pilau yako, nikakaa mbele ya wazee, nikajifanya mkubwa wa kukusamehe wewe.

Kesho, kabla sijafungua fremu, nakwenda kwa shemeji. Nitamwambia ilikauka lini na nililifanya nini. Wale wazee nao nitawafuata mmoja mmoja pale msikitini, nitawasubiri nje watoke, niwaambie neno nililolitamka mbele yao si langu kulitoa. Shemeji akinifukuza atakuwa na haki. Ahadi ya Alhamisi ilinishinda, hii ya kesho nitaitimiza.

Lala, Shomari. Hukunikosea kitu.

Damiani